Rangi za Vyombo vya Anga: Mchezo au Somo?

Jumamosi moja, tulipokuwa tukisahihisha madaftari ya wanafunzi wetu wa mwaka wa tano, mtu alipiga hodi mlangoni. Alikuwa baba wa msichana mmoja wa darasa letu. Tulimkaribisha, tukampa kiti, tukaulizana habari za nyumbani kama ilivyo desturi. Kisha akaliweka mezani daftari la binti yake, akalifunua taratibu, akatuonyesha kurasa nne zilizojaa roketi zilizopakwa rangi nyekundu, manjano na buluu.

«Bwana Mwalimu,» akasema, «daftari hili nimelinunua kwa jasho. Kila juma nasukuma baisikeli yenye magunia ya makaa, naanza safari kabla ya jogoo kuwika. Sasa nauliza: nimemleta mtoto shuleni ajifunze hesabu, au achezee rangi? Ikiwa ni rangi, basi mwaka ujao nitamlipia mdogo wake peke yake. Huyu atabaki nyumbani amsaidie mama yake.»

Wasomaji wapendwa, twakiri mbele yenu kwamba siku ile hatukuwa na jibu. Picha zile tuliwapa watoto alasiri moja ya mvua kubwa, wakati kelele ya mabati ilipotuzuia kufundisha. Tulitaka watulie tu. Hatukuwaambia chombo kile chaenda wapi, wala kwa nini kimefanywa vile. Kosa, basi, halikuwa la rangi, wala la mtoto. Lilikuwa letu. Tulimwomba mzee atupe majuma mawili, naye akakubali, ingawa uso wake haukukunjuka.

Katika majuma hayo mawili tulisoma na kuuliza. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata. Twayaandika hapa kwa sababu twajua kwamba baba yule si peke yake: wazazi wengi huona kalamu za rangi, wakasema moyoni kwamba fedha yao imepotea.

PICHA ILIYOPAKWA KWA NAMBA

Tarehe 28 Novemba 1964 Wamarekani walirusha chombo kiitwacho Mariner 4. Kazi yake ilikuwa kupita karibu na sayari ya Mars, ambayo wengine huiita Mirihi, na kuipiga picha. Kilisafiri miezi saba na nusu bila mtu ndani yake. Tarehe 14 Julai 1965, kwa saa za Marekani, kilipita mbele ya sayari hiyo kwa umbali wa kilometa 9,846, kikapiga picha 21 kamili na sehemu ya picha ya 22.

Lakini picha zile hazikuja kama picha tuzipatazo kwa mpiga picha wa mjini. Kila picha iligawanywa katika mistari 200, na kila mstari katika nukta 200. Hesabuni wenyewe, ninyi wanafunzi: ni nukta 40,000. Kila nukta ilipewa namba, kuanzia 0 mpaka 63, kwa kadiri ya mwanga wake. Namba hizo ziliwekwa katika utepe wa kunasia ndani ya chombo, kisha zikatumwa duniani kwa redio, moja baada ya moja. Chombo kilikuwa mbali nasi kwa kilometa zaidi ya milioni 200, na redio yake ilikuwa na nguvu ya wati 10 tu. Mawimbi ya redio, ambayo mwendo wake ni sawa na mwendo wa mwanga, yalichukua dakika 12 kutufikia. Na ili picha moja ipokelewe yote, ilibidi kungoja saa 8 na zaidi.

Huko Pasadena, katika jimbo la California, ndiko iliko maabara iitwayo Jet Propulsion Laboratory. Wahandisi wake walikuwa wakingoja kwa hamu na kwa hofu. Walihofu kwamba huenda utepe wa kunasia haukufanya kazi sawasawa, na safari yote ikawa bure. Namba zilikuwa zikifika, lakini mashine ya kuzigeuza kuwa picha ilikuwa bado. Wangengoja mpaka lini?

Ndipo mhandisi mmoja, jina lake Richard Grumm, pamoja na wenzake, walipofanya jambo ambalo kila mtoto wa shule angelielewa. Walizichapa namba katika vipande virefu vya karatasi, wakavibandika ubaoni, kimoja kando ya kingine. Wakanunua chaki za rangi katika duka la vifaa vya wachoraji. Wakaamua kwamba namba hizi zipakwe kahawia, hizi nyekundu, hizi manjano. Kisha wakaanza kupaka, namba kwa namba, mstari kwa mstari, na wale waliopita karibu wakasimama kutazama. Pole pole ukingo wa sayari ukatokea chini ya mikono yao. Utepe ulikuwa mzima! Mars ilikuwa imeonekana kutoka karibu kwa mara ya kwanza, na picha hiyo ya kwanza ilipakwa kwa mkono, kama katika daftari la mtoto. Baadaye walikata kipande kile cha ubao, wakakitia fremu, wakampa mkuu wa maabara, William Pickering. Hata leo kimehifadhiwa.

Tazameni vema jambo hili. Watu wale hawakupaka ili wapate kitu kizuri cha kutazama. Walipaka ili wasome. Rangi zao hazikuwa rangi halisi za Mars, bali zilikuwa alama za kiasi cha mwanga, kama vile herufi zilivyo alama za sauti. Aliyejua kanuni yao aliweza kusoma ukuta ule kama sisi tusomavyo kitabu.

Wala kazi hiyo haikuisha mwaka 1965. Tarehe 25 Desemba 2021, siku ya Noeli, darubini kubwa iitwayo James Webb ilirushwa kutoka Kourou, katika Guyana ya Kifaransa. Darubini hiyo hupokea hasa mwanga ambao macho yetu hayawezi kuuona. Basi picha zake, ambazo watu wa dunia yote walianza kuzistaajabia mwezi wa Julai 2022, hupakwa rangi na wataalamu kwa kanuni: mwanga wa mawimbi marefu hupewa rangi nyekundu, na ule wa mawimbi mafupi hupewa rangi ya buluu. Mashine zimebadilika, lakini kazi ni ile ile ya Bwana Grumm na chaki zake.

KILA RANGI INA SABABU YAKE

Sasa tuvitazame vyombo vyenyewe. Mtu akiona picha ya roketi, aweza kudhani kwamba fundi aliipaka rangi kama mtu apakavyo nyumba yake kwa ajili ya sikukuu. Sivyo. Katika safari za anga hakuna rangi ya bure.

Chukueni roketi iitwayo Saturn V, ambayo ndiyo iliyowapeleka watu mwezini kati ya miaka ya 1968 na 1972. Urefu wake ulikuwa mita 110. Ni kama kiwanja kikubwa cha mpira kilichosimamishwa wima. Ilikuwa nyeupe, lakini ilikuwa na sehemu nyeusi huku na huku. Za nini? Mkitaka kujua, geuzeni baisikeli juu chini, mkazungushe gurudumu. Likienda kasi, jicho haliwezi kusema limezunguka mara ngapi. Sasa fungeni kitambaa cheusi katika njiti moja, mkazungushe tena. Mara moja mwaona mzunguko wake. Ndivyo ilivyokuwa kwa roketi ile: kamera zilizokuwa chini zilitazama sehemu nyeusi na nyeupe, na wahandisi wakajua kama roketi yazunguka inapopanda.

Chukueni tena vyombo vile vyenye mabawa vya Marekani vilivyoruka kuanzia mwaka 1981 hata mwaka 2011. Juu vilikuwa vyeupe, na tumbo lake lilikuwa jeusi. Chombo kilipokuwa kikizunguka dunia, vigae vyeupe vya juu vilirudisha mwanga wa jua ili kisipate joto mno. Kiliporudi na kuingia katika hewa kwa kasi kubwa, tumbo ndilo lililokutana na moto. Vigae vyeusi vya tumboni vilifanywa viweze kuvumilia joto la nyuzi 1,260 hivi. Watoto watauliza: je, kitu cheusi si ndicho kipatacho joto zaidi juani? Naam, ndicho. Lakini kitu kipokeacho joto upesi ndicho pia kitoacho joto upesi, na vigae vile vilihitaji kulitoa joto nje kabla halijapenya ndani.

Ubavuni pa chombo kile kulikuwa na tangi kubwa la mafuta yake, refu kama mita 47. Katika safari ya kwanza, tarehe 12 Aprili 1981, tangi lilipakwa rangi nyeupe. Katika safari ya pili ya mwaka ule, vivyo hivyo. Lakini kuanzia safari ya tatu, mwezi wa Machi 1982, halikupakwa tena. Watu waliliona na rangi ya machungwa iliyofifia. Rangi hiyo ni ya povu gumu lililolifunika tangi ili mafuta yake yabaki baridi. Na povu hilo lilizidi kukolea lilipokaa juani. Wahandisi waliacha kulipaka kwa sababu walipima, wakaona kwamba rangi nyeupe peke yake ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi. Nani angedhani kwamba rangi ina uzito? Mtoto akipaka ukurasa wake, haoni uzito wowote. Lakini tangi lilikuwa kubwa, na kila kilo ipandayo juu yataka mafuta ya kuibeba.

DHAHABU ISIYO DHAHABU

Katika picha nyingi za vyombo vya anga watoto huona kitu king'aacho kama dhahabu. Kile chombo kilichowashusha wanaanga mwezini mwezi wa Julai 1969 kilikuwa kimevikwa chini yake kama nguo ya mfalme. Mwanafunzi wetu mmoja alituuliza: «Mwalimu, Wamarekani ni matajiri kiasi gani hata waiache dhahabu mwezini?»

Jibu ni kwamba ile haikuwa dhahabu. Ulikuwa utando mwembamba wa plastiki ya rangi ya manjano, uliopakwa aluminiamu. Tabaka nyingi za utando huo hukizuia chombo kisiungue upande wa jua na kisigande upande wa kivuli. Mng'ao ni wa aluminiamu, na rangi ni ya plastiki.

Lakini msiseme, basi, kwamba dhahabu zote za anga ni za uongo. Kioo kikubwa cha darubini ya James Webb, chenye upana wa mita 6.5, kimefanywa kwa vipande 18 vyenye pembe sita kila kimoja, na vyote vimepakwa dhahabu halisi. Dhahabu yote ni gramu 48 hivi tu, kwa maana ni nyembamba mno. Ilichaguliwa kwa sababu hurudisha vizuri mno ule mwanga usioonekana ambao darubini yautafuta. Ndiyo maana twawaambia wanafunzi: msipake kalamu ya manjano mpaka mmejua kama ni dhahabu au si dhahabu.

MTU ALIYECHUKUA KALAMU ZA RANGI ANGANI

Mwaka ule ule wa 1965, miezi minne kabla ya picha ya Mars, jambo jingine lilitokea ambalo wapenzi wa rangi hawapaswi kulisahau. Tarehe 18 Machi, Mrusi mmoja, Alexei Leonov, alitoka nje ya chombo chake kiitwacho Voskhod 2, akaelea angani kwa dakika 12 hivi. Kabla yake hakuna mwanadamu aliyefanya hivyo. Nguo yake ilivimba kwa kukosa hewa ya kuibana kutoka nje, hata ikawa shida kubwa kurudi ndani, na ilimpasa kupunguza hewa ya nguo kwa hatari ya maisha yake.

Watu wengi wajua habari hiyo. Wachache wajua kwamba Leonov alikuwa amechukua kalamu za rangi. Katika ujana wake alitaka kujifunza uchoraji katika mji wa Riga, lakini fedha zilikosekana, akaenda kuwa rubani. Hakuacha kuchora. Alijua kwamba angani vitu havianguki, bali huelea kila mahali. Kwa hiyo alizifunga kalamu zake kwa nyuzi, zisimpotee. Na baada ya hatari ile yote, alichora jua likichomoza nyuma ya dunia, lenye mistari ya rangi juu ya weusi wa anga. Hiyo ndiyo picha ya kwanza iliyochorwa na mwanadamu akiwa angani.

Basi mtoto aliye na kalamu tatu fupi asijione kuwa afanya kazi ya kitoto. Wenzake wa mwaka 1965 walikuwa mwanaanga na wahandisi.

NAMNA YA KUFANYA SHULENI NA NYUMBANI

Mashirika ya safari za anga, kama NASA ya Marekani na lile la Ulaya, huchapa picha za vyombo vyao kwa ajili ya watoto kupaka rangi. Anayezipata, ni vema. Asiyezipata asikate tamaa, kwa kuwa mwalimu aweza kuchora ubaoni, nao watoto wakaiga. Wala si lazima kununua kalamu nyingi. Makaa hutoa rangi nyeusi, tofali lililosagwa hutoa nyekundu, majani yaliyopondwa hutoa kijani, na majivu hutoa kijivu. Jambo kubwa ni maswali. Sisi sasa hatuwaruhusu wanafunzi kupaka kitu kabla hawajajibu maswali matatu: Chombo hiki chaenda wapi? Kitakutana na nini njiani, joto au baridi? Nani apaswa kukiona?

Swali la tatu lilituletea kicheko siku moja. Mvulana mmoja alipaka nguo ya mwanaanga kijani kibichi, kwa kuwa ndiyo rangi aipendayo. Hatukumkemea. Tulimwuliza: «Mtu huyu akianguka msituni, nani atamwona?» Darasa lote likacheka, naye akacheka, akafuta. Kisha tulieleza kwamba wanaanga wengi wa Marekani wamevaa nguo za rangi ya machungwa wakati wa kuruka na kurudi, ili waonekane upesi wakianguka baharini. Bali nguo za kutoka nje ya chombo ni nyeupe, zirudishe joto la jua. Mvulana yule hatasahau, kwa maana jibu alilipata kwa kukosea.

Zoezi jingine ni lile la Mariner. Chukueni daftari la miraba. Mtoto mmoja achore mraba mkubwa wenye vyumba 10 kwa 10, na ndani yake picha nyepesi, kama roketi au mwezi mchanga. Kila chumba akipe namba: 0 kwa cheupe, 1 kwa kijivu, 2 kwa chekundu, 3 kwa cheusi. Kisha akae nyuma ya mlango, azisome namba kwa sauti, moja baada ya moja, bila kusema ni picha gani. Mwenzake, asiyeiona, apake chumba kwa chumba. Yeye ndiye dunia, na yule wa nyuma ya mlango ndiye chombo.

Mtaona mambo mawili. Kwanza, akiruka namba moja tu, mstari wote unakwenda kando, na roketi inapinda. Hapo mtoto ajifunza uangalifu bila fimbo. Pili, mwaweza kupima muda. Kama kila namba yachukua nukta 3 za saa, vyumba 100 vyamalizika kwa dakika 5. Je, vyumba 40,000 vya Mariner vingechukua muda gani? Wanafunzi wetu walikokotoa, wakapata saa 33 na dakika 20, bila kulala wala kula. Hesabu hiyo waliifanya kwa furaha, na wala hakuna aliyewalazimisha.

Kwa wale wapendao chombo chenye jina letu, wachore kile kiitwacho Uhuru. Ndiyo, jina lake ni la Kiswahili. Kilikuwa cha Wamarekani, kikarushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililokuwa baharini karibu na Malindi, nchi ya Kenya; na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, kikapewa jina hilo. Kilikuwa cha kwanza kutumwa kwa ajili tu ya kutafuta mionzi ya eksi itokayo katika nyota. Kilikuwa na mabawa manne. Waulizeni watoto: mabawa ni ya nini mahali pasipo hewa? Waacheni wafikiri kabla ya kuwajibu kwamba si mabawa ya kurukia, bali ni mabamba ya kunasa mwanga wa jua na kuugeuza umeme.

BABA ALIRUDI

Majuma mawili yalipokwisha, baba yule alifika kama alivyoahidi. Tulimwomba aketi nyuma ya darasa. Hatukumfundisha sisi. Tulimwita binti yake mbele, tukampa daftari lile lile.

Aliona haya kwanza, akatazama chini. Kisha akafunua ukurasa wa tatu, akasema: «Baba, hili tangi nililipaka nyeupe. Nilikosea. Walilipaka nyeupe mara mbili tu, halafu wakaacha.»

«Waliacha kwa nini? Rangi iliwaishia?»

«Hapana, baba. Rangi ilikuwa na uzito wa kilo mia mbili na sabini. Wakaona ni mzigo wa bure.»

Mzee alinyamaza kidogo. «Kilo mia mbili na sabini,» akasema. «Huo wapita mzigo wa baisikeli yangu.» Kisha akatugeukia sisi. «Bwana Mwalimu, mimi kabla ya kupanda mlima huondoa hata kamba isiyo na kazi. Wenzangu hunicheka. Kumbe hao wa roketi nao huondoa.»

Binti akapata nguvu, akaeleza mengine: tumbo jeusi, dhahabu isiyo dhahabu, namba za Mars. Mahali alipokosea wenzake walimsahihisha, naye baba akawa anauliza, tena kwa ukali, kama mtu anunuaye mbuzi. Swali lake moja lilitushinda hata sisi, tukamwahidi kulitafuta.

Alipoondoka hakutuambia lolote juu ya mwaka ujao, nasi hatukuthubutu kumwuliza. Lakini mlangoni alisimama, akasema: «Hilo daftari la miraba, Bwana Mwalimu, lauzwa wapi?» Masomo yalipofunguliwa tena, watoto wake wawili walikuja pamoja.

Ninyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani na picha iliyopakwa rangi, msimwambie upesi kwamba amepoteza karatasi. Mwulizeni: kwa nini nyeusi hapa, kwa nini nyeupe pale? Akijua kujibu, daftari lenu halikupotea. Asipojua, hapo mwende kwa mwalimu wake, mkamwulize yeye. Na sisi walimu, tusimpe mtoto rangi ili anyamaze. Tumpe ili aulize. Kwa maana wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.